Mguu Nilioufukia

Fundi aliyelaumiwa kwa mguu wa trampolini ya kaka yangu hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu. Naliandika hili mwanzoni kabisa kwa sababu najijua: nikiliacha mpaka mwisho nitalipamba, nitalisugua, nitalipanga mpaka lifanane na ajali. Haikuwa ajali. Ilikuwa kazi yangu, niliyoifanya kwa uangalifu mkubwa kila asubuhi kwa zaidi ya mwaka.

Nilikuja Dodoma kutoka Kondoa baada ya matokeo ya kidato cha sita. Alama zangu hazikutosha kuingia chuo kikuu kule Chimwaga. Kaka yangu ana nyumba si mbali na huko, akamwambia mama, "Mlete akae kwangu, atusaidie nyumbani huku anatafuta njia." Njia sikuipata. Nikawa nafua, napika, nampeleka binti yao shule na kumrudisha, na nikitoka dukani jioni napishana na wanafunzi wa rika langu wamebeba kompyuta mgongoni.

Mimi ni mtu wa kurudia. Nafunga mlango, narudi kuusukuma. Naosha kikombe, nakinusa, nakiosha tena. Wifi yangu, ambaye utani wake una miiba, alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu siku malaika wakija kumchukua, atawaambia wasubiri kwanza awakague mabawa." Wageni walicheka. Nami nilicheka nao, kisha nikaenda jikoni kuangalia kama gesi imefungwa.

Trampolini ilikuja ikiwa imetumika. Kaka aliinunua kwa familia moja ya Kihindi yenye duka la vitambaa mjini, ambayo watoto wake walishakua. Ilishushwa uani vipande vipande: mabomba yaliyopinda ya kuunda duara, springi zimefungwa ndani ya gunia, kitambaa cheusi cha kurukia, wavu wa kuzuia watoto wasianguke nje, na miguu minne yenye umbo la herufi U, kila mmoja ukisimama kwa mabomba mawili na kulala chini kwa bomba moja. Mguu mmoja ulikuwa umegongwa na gari, umejikunja kabisa. Mtoto wa kaka, aliyekuwa na miaka saba, alilizunguka rundo lile la vyuma akiimba, na sisi wakubwa tukalizunguka tukikuna vichwa.

Kaka akamwita fundi wa kuchomelea wa barabara ya pili. Alikuwa Mgogo wa makamo, mfupi, ambaye miwani yake nyeusi ya kazi ilikaa juu ya kichwa hata alipokuwa hachomelei chochote.

"Shikamoo fundi," nilimwamkia.

"Marahaba binti. Nimeambiwa kuna kitanda cha kurukia kimevunjika. Kwetu ukirukaruka kitandani unachapwa, nyie huku mnakinunua kabisa."

Alikata sehemu ya chini iliyojikunja, akatengeneza nyingine kwa bomba jipya, akaiunganisha na mabomba mawili ya zamani kwenye usawa wa goti. Nilisimama nyuma yake muda wote. Nilikuwa nimeshatazama video nyingi kwenye simu kuhusu fremu hizi, usiku na mchana, mpaka nikajiona najua. Alipomaliza nikamuuliza kama moto umeingia vya kutosha kwenye kiungo.

Kaka alijifunika uso kwa kiganja. "Fundi, msamehe. Huyu anakagua hata chumvi kwenye mboga ya jirani."

Fundi hakukasirika. Alinipa spana. "Gonga hapa." Niligonga bomba juu ya kiungo, kisha chini yake. Lililia kwa sauti moja, ndefu, safi. Akanionyesha kile kipande kibovu alichokikata. "Gonga na hiki." Kilitoa sauti fupi iliyozibwa.

"Chuma kizima kinaimba," alisema. "Kibovu kinakohoa. Basi, umeshahitimu chuo."

Alisema kwa utani. Hakujua jambo la chuo lilivyokuwa linaniuma, wala hakujua kwamba maneno yale nitayabeba kama cheti. Tangu siku ile nilijiita mkaguzi, kimoyomoyo.

Kabla ya kuondoka alikwenda pembeni mwa ukuta, kwenye masalia ya mawe ya ujenzi, akayachagua moja moja mpaka akapata manane yaliyo bapa. Aliweka mawili chini ya kila mguu. "Haya mabomba ya kizungu yamepakwa zinki ya kuzuia kutu. Langu ni la kawaida, lina rangi tu. Mguu usiguse udongo. Udongo wa hapa una chumvi, na maji ya visima vyenu ndiyo usiseme. Bomba likianza kuoza linaanzia huko chini, huku juu unaliona linang'aa."

Niliitikia kwa kichwa. Kwenye daftari langu jipya, ukurasa wa kwanza, niliandika neno moja: mawe.

Siku mbili baadaye nikayaondoa.

Kaka alikuwa na pima maji, kile kifaa cha mafundi cha kupimia usawa, iliyobaki tangu ajenge nyumba. Niliiweka juu ya fremu, na kipovu cha ndani yake kikakimbilia upande mmoja. Mawe hayakuwa na unene sawa. Niliyabadilisha nafasi, nikaweka vipande vya mbao, nikatoa mbao nikaweka maboksi yaliyokunjwa. Kipovu kikawa kinakaribia katikati, halafu nikisukuma fremu kidogo jiwe moja linatikisika na kipovu kinakimbia tena. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikiona kipovu kile hata nilipofumba macho. Kwenye simu nikampata mzungu mmoja, nyuma ya nyumba yake kuna majani mabichi kama zulia, akieleza kwamba fremu ikiyumba ni hatari, na kwamba dawa yake ni kuchimba vijifereji na kulaza miguu ndani. Alieleza vizuri sana. Hakuwa Dodoma.

Nikachukua jembe. Nilichimba vijifereji vinne, nikalaza miguu humo, nikafukia, nikashindilia udongo kwa kisigino na kuupima tena na tena mpaka kipovu kikasimama katikati kabisa na hakikuondoka hata niliponing'inia kwenye fremu. Sikuwa nimewahi kufanya kitu kikakubali namna ile. Yale mawe manane niliyaosha, nikayapaka chokaa, nikayapanga kando ya njia ya kutoka getini hadi mlangoni, manne kulia, manne kushoto. Wifi alirudi kazini akasimama getini akishangaa.

"Wifi yangu, hapa ni nyumbani au ni ofisi ya mkuu wa wilaya?"

Nilifurahi siku nzima.

Halafu kuna maji. Anayeijua Dodoma anajua vumbi la kiangazi, lile jekundu linaloingia hadi ndani ya sanduku la nguo lililofungwa. Mtaa wetu mzima humwagia maji uani asubuhi kabla ya kufagia. Maji ya bomba huja kwa siku zake na tunayatunza kwa kunywa na kupikia. Ya uani ni ya kisima, chumvi tupu: yanaacha utando mweupe kwenye birika, na sabuni haikubali kutoa povu. Baada ya kufulia nguo, yale machafu nayo humwagwa uani. Wenzangu walinyunyiza tu. Mimi sikutaka vumbi lifike kwenye kitambaa cha kurukia, na nilitaka udongo niliofukia ushike vizuri, kwa hiyo nilimwaga ndoo nzima kuzunguka trampolini, na zaidi kwenye miguu. Kila asubuhi. Nilikuwa naimwagilia kama mtu mwenye bustani ya mchicha.

Jumamosi ilikuwa siku ya ukaguzi. Baada ya chai nilitoka na spana, brashi ya waya, msasa, kopo la rangi na daftari. Nilianza na springi, moja moja, kuangalia kama ndoano imekaa sawa kwenye tundu lake na kama kuna iliyovutika kuliko wenzake. Nilikaza nati zote. Nilipitisha kidole kwenye kila kiungo cha duara nikitafuta ufa. Palipoonekana kadoa ka kutu nilisugua mpaka chuma kikawa cheupe, nikapaka rangi, nikangoja ikauke, nikapaka tena. Nilitikisa nguzo za wavu. Mwisho niligonga miguu kuanzia juu kushuka chini, na kwenye daftari nikaweka alama ya vema kwa kila kitu.

Miguu iliimba hadi karibu na ardhi. Pale chini kabisa, hasa kwenye mguu aliotengeneza fundi, sauti ilibadilika. Ilizibwa. Baada ya miezi ilizibwa zaidi. Nilijiambia kwamba udongo unameza sauti, jambo ambalo ni kweli, na nikaweka vema. Ninapokumbuka sasa, kinachonichoma ni kwamba sikuwa mvivu. Mvivu angekuwa na la kujitetea. Mimi nilikagua kila kitu isipokuwa kile nilichokifukia kwa mkono wangu.

Kaka alianza kujivunia daftari lile. Mgeni akisita kumruhusu mtoto wake apande, kaka alikuwa akiniita, "Hebu mwonyeshe." Nami nilileta, nikafungua, mgeni akaona safu za vema zilizonyooka, kila Jumamosi, hakuna iliyorukwa. Mtoto naye alizoea. Kabla ya kupanda aliniuliza, "Shangazi, umekagua?" Nikisema ndiyo anavua viatu.

Siku ya pili ya Idi watoto wa mtaani walikuja na nguo zao mpya. Niliwapanga mstari, nikawaambia mmoja mmoja, akisukumwa mtu nitafunga. Wawili waliruka na kushuka. Zamu ya tatu ikawa ya mwenyeji wao, binti wa kaka, akiwa na gauni la njano alilolililia mwezi mzima.

"Shangazi, umekagua?"

"Jana tu."

Aliruka mara nne au tano. Halafu nikasikia sauti ndogo, kama mtu anayekanyaga kibuyu kikavu, na upande mmoja wa duara ukazama. Hakuanguka moja kwa moja. Kitambaa kilimtupa pembeni, akagonga nguzo, wavu ukalala naye hadi chini, na mkono wake wa kushoto ukabaki chini ya mwili. Alipoinuka hakulia. Aliutazama tu mkono, ulivyopinda pale ambapo mkono hauna kiungo, kisha akanitazama mimi.

Walirudi kutoka hospitali alasiri, mtoto ana plasta kuanzia vidole hadi kiwiko, amelala begani kwa mama yake. Kaka hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile fremu iliyolala upande.

"Ni mguu gani?"

Nilimwonyesha.

"Si ndiyo ule wa yule fundi?"

"Ndiyo," nikasema.

Lilikuwa jibu la kweli. Sijawahi kusema uongo ulionisitiri vizuri kama ukweli ule.

Fundi aliitwa, akaja na nguo zake za kazi siku ambayo sisi tulikuwa na za sikukuu. Alisema pole, akauliza hali ya mtoto. Kaka alimwonyesha kwa kidole mguu uliokatika.

"Mzee, nilikupa kazi ya mguu mmoja. Mmoja tu! Mwanangu kavunjika mkono siku ya Idi."

Fundi alichuchumaa. Alikishika kiungo chake pale kwenye usawa wa goti, akakipangusa kwa kidole gumba. "Kiungo changu hiki hapa, bosi. Kizima. Palipokatika ni huku chini."

"Mimi nakuonyesha mtoto mwenye plasta, wewe unanionyesha kiungo?"

Fundi aliendelea kuchuchumaa. Alipapasa mahali bomba lilipokatikia, akatazama udongo, akauona ule unyevu wa asubuhi. Kisha akainua kichwa, hakumtazama kaka. Alinitazama mimi.

"Binti, mawe yako wapi?"

"Mawe gani tena?" kaka alifoka. "Usituletee habari za mawe hapa!"

"Namuuliza binti."

Alikuwa amechuchumaa hatua chache kutoka njia ya getini. Nilisema, "Sijui."

Aligeuka taratibu akaitazama ile njia, yale mawe meupe, manne huku, manne kule. Alikuwa ameyachagua mwenyewe, moja moja. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeyatambua chini ya chokaa. Nilingoja aseme. Aliinuka, akapangusa magoti.

"Haya. Mpeni pole mtoto," alisema, akatoka akipita katikati ya yale mawe.

Hapo ndipo nilipaswa kusema, na kulikuwa na sababu ya kusema upesi. Kaka alikuwa kwenye kamati ya wazazi ya shule ya msingi ya mtaani, anakosoma binti yake, na kamati ilikuwa imekubaliana kwa mdomo kwamba fundi huyu ndiye atakayetengeneza bembea na mtelezo wa uwanja wa watoto. Alishawahi kuja nyumbani na michoro aliyoichora juu ya boksi la sabuni, akaieleza huku akitembeza kidole, kama mtu anayeonyesha picha za wajukuu. Kwa fundi wa madirisha na vitanda, kazi ile ilikuwa ya kumtoa kwenye vibarua vya mtaani na kumfungulia kazi za shule nyingine. Jioni ya ajali kaka alimwambia wifi, nikisikia, "Yule hatagusa chuma cha shule. Nitasema mwenyewe kwenye kikao." Kikao kilikuwa Jumamosi mbili mbele.

Kesho yake, nyumba ilipobaki tupu, nilichimbua kipande kilichobaki ardhini. Kilitoka kama mkate uliolowa. Chuma kilikuwa kimegeuka tabaka za rangi ya chungwa, na kidole changu kilipita upande mmoja kikatokea wa pili. Nilikificha kwenye ndoo ya vibanio vya nguo, chini kabisa, na nikaanza kuandaa maneno.

Hii ndiyo sehemu ninayoionea aibu kuliko ile "sijui" yangu. Sikukaa kimya kwa kuamua kukaa kimya. Nilikaa kimya kwa kuandika. Nilifungua kurasa za nyuma za daftari la ukaguzi nikaandika nitakavyomwambia kaka. Nikianza na mawe, ilionekana namsingizia mzungu wa kwenye simu. Nikianza na maji, ilionekana nailaumu Dodoma. Nikianza na "ni mimi", mwandiko uliharibika, nikachana na kuanza upya. Niliandika mara nyingi, kila mara kwa mwandiko mzuri zaidi. Nilikuwa natafuta sentensi ambayo ndani yake nitakuwa na kosa lakini bado nitabaki kuwa mtu makini. Hakuna sentensi kama hiyo katika Kiswahili, na nadhani hakuna kwa lugha yoyote.

Ijumaa kabla ya kikao, wakati wa chakula, nilisema, "Kaka."

"Ee."

"Nikuongezee mchuzi?"

Jumamosi alikwenda. Alirudi adhuhuri akanawa mikono. "Tumemaliza," alimwambia wifi. "Kapewa mwingine." Nilizichana zile kurasa za nyuma, nikaziwasha kwenye jiko la mkaa na kuzipikia maharage.

Baadaye nilikwenda Kondoa wiki moja kumuuguza mama aliyekuwa na malaria. Niliporudi, uani palikuwa na duara la udongo uliopauka. Trampolini imeuzwa.

"Mtoto alikuwa hataki hata kuiona," wifi alinieleza akikata vitunguu. "Kaka yako akaing'oa miguu, akaisuuza udongo, akaipiga rangi ya fedha, ikawa mpya. Kachukua baba mmoja wa kule Nkuhungu. Ule mguu mbovu atatengenezesha mwenyewe. Tena unajua nini kilichomshawishi? Daftari lako! Alikuwa anasitasita, nikamfungulia. Akasema hajawahi kuona kitu cha mtumba chenye kumbukumbu namna hii. Nikamwambia chukua nalo."

Nilitabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu kweli, kwa sekunde moja, kwa kusifiwa.

Siku iliyofuata sikuweza kula. Nikakitoa kile kipande kwenye ndoo ya vibanio, nikakifunga kwenye kanga, nikaenda kwa fundi. Nilijiambia kwamba bora kuanza na aliyekosewa.

Alikuwa anasugua kona ya fremu ya kitanda. Hakusimamisha kazi mpaka nilipokifungua na kukiweka kwenye benchi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Umeleta kwa kilo? Mnunuzi wa chakavu yuko kule mbele, kwenye kona."

"Nimekuja kusema ni mimi. Niliyaondoa mawe. Nikaifukia miguu, nikawa naimwagia maji."

"Na unaniambia mimi?" Alivua miwani. "Mimi nilijua kabla plasta ya mtoto haijakauka."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuuliza. Mbele ya kaka yako nilikuuliza. Nikisema mimi, ni fundi mzembe anayemsingizia binti wa watu. Ungesema wewe, ndiyo ingekuwa imesemwa."

Nikamwomba msamaha. Alitazama huku na huku kwenye kibanda chake, vyuma vimesimama kila pembe.

"Sasa samahani yako nitaiweka wapi, mwanangu? Unaona palivyobanana."

Alikichukua kile kipande, akakivunja kwa vidole viwili kama kaukau za viazi, akakitupa chini.

"Ile mingine mitatu umeichimbua ukaiona?"

"Ile ina zinki."

"Zinki inachelewesha tu. Miguu ile ilikaa udongo ule ule, ikanywa maji yale yale. Umeigonga?"

Nilikumbuka rangi ya fedha. Nilimkumbuka yule baba nisiyemjua, akiwa na daftari langu mkononi.

"Ungeanza na hiyo," fundi alisema akivaa miwani, "kabla ya kuja kulia kwangu."

Sikumbuki njia ya kurudi. Kaka alikuwa sebuleni anatazama mpira, wifi anamsuka mtoto, ambaye plasta yake ilishachorwa maua. Niliomba namba ya aliyenunua. Wifi akaniuliza ya nini, nikamwambia naiomba tu, wifi, tafadhali. Nilipiga hapo hapo, nimesimama katikati ya chumba. Sikuwa nimeandika chochote.

Alipokea mwanamume. Nyuma yake nilisikia watoto, na nyuma ya watoto nikasikia springi. Ningezitambua popote.

"Shikamoo baba. Hunijui. Mimi ndiye mwenye lile daftari. Nakuomba uwashushe watoto."

"Niwashushe? Kuna nini? Mguu tumeshatengeneza."

"Ni ile mingine. Imeoza chini. Washushe kwanza, baba."

"Binti, mbona daftari linasema..."

"Daftari linasema ya juu tu! Miguu niliifukia mimi. Niliimwagia maji ya chumvi mwaka mzima. Yule fundi wa kwanza hakukosea, aliniambia nisifanye hivyo. Washushe!"

Nikasikia akipiga kelele, "Shukeni! Nimesema shukeni wote!" Springi zililia mara moja zaidi, zikanyamaza. Akakata simu.

Sebuleni mpira ulikuwa unaendelea bila sauti. Kaka alikuwa ameizima.

"Kwa hiyo uliniacha niende kikaoni," alisema.

"Ndiyo, kaka."

"Nikamsema yule mzee mbele ya wazazi wote."

"Ndiyo."

"Sasa unataka nirudi nikasemeje?"

"Useme nilivyosema sasa hivi."

Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyemwaga kitu juu ya zulia. Kisha akachukua rimoti, akarudisha sauti.

Yule baba alipiga kesho yake, akamtafuta kaka, si mimi. Alikuwa amechomeka bisibisi kwenye mguu mmoja ikaingia hadi kwenye mpini. Fremu ilirudishwa, ikaenda kwa yule mnunuzi wa chakavu kwenye kona. Daftari halikurudi, na sikuuliza.

Kaka hakwenda kusema. Anasema yameshapita, bembea zimeshasimama, kuyafufua ni kuwachanganya watu. Nilikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu nikaeleza. Alinisikiliza kwa adabu, akaniambia asante kwa uaminifu wako, akaniuliza kama nina shida nyingine. Barabara ya pili napita kila siku. Namwamkia fundi, ananiitikia marahaba, na hapo basi. Hanitanii tena.

Juzi nilikwenda kumchukua mtoto shuleni mapema, uwanja ukiwa mtupu. Nilichuchumaa kwenye bembea nikakagua kuanzia chini. Nguzo zimesimama kwenye zege lililoinuliwa juu ya udongo na kuchongwa mteremko ili maji yasituame. Nilitafuta kasoro. Kusema kweli niliitafuta kwa hamu, kwenye kila kiungo, kwa sababu kasoro moja tu ingetosha kunipeleka tena kwa kamati kumtaja fundi wangu. Mwisho nikatoa ufunguo wa geti nikagonga nguzo, pale pale karibu na ardhi.

Iliimba.